Kangaga la Ujia wa Nyuma

Nililing'oa kwa kijiko cha chai,
sina haja ya kulipamba neno hilo.
Misfa, harusi ya binti wa wifi yangu,
wanawake wako ndani wanapakana liwa,
mimi nimeshuka ngazi za mawe kufuata sauti ya falaji,
na pale jua lisipofika hata saa sita ya mchana
lilikuwa limening'inia ukutani:
vijani kama kucha za mtoto mchanga,
vikonyo vyeusi, vyembamba, vinang'aa
kama unywele uliotoka kupakwa mafuta.
Wao huliita giligilani ya kisima.
Kwetu Wete ni kangaga tu, nani alitazame?

Nikalitia mkobani, baina ya simu na funguo.

Mabela halikumaliza wiki ya tatu.
Nililikosea kila kosa linalofanywa kwa mapenzi.
Nikaliweka dirishani, lione mwanga.
Nikalinywesha maji ya bomba kutwa mara mbili
mpaka mdomo wa chungu ukaota chumvi.
Vumbi la kahawia chini ya majani nikalidhani ugonjwa,
nikalifuta kwa pamba.
Nikaliwashia kiyoyozi, nikidhani baridi ni baridi,
na upepo ule mkavu ukalisokota jani kwa jani
hata likawa tumbaku.
Azzan, mume wangu, akachungulia chunguni.
"Limefia ugenini," akasema, akaenda zake kazini.
Mimi nikabaki na sentensi ile jikoni.

Udongo nikaumwaga nyuma,
kwenye ujia baina ya jiko na ukuta wa mpaka,
pahali pa ndoo, pa fagio kuukuu, pa mtungi wa gesi uliokwisha.
Jua hupita juu yake
kama mgeni aliyekataa kuvua viatu.

Sasa, huyo jirani wa juu, Bwana Hamdun:
kiyoyozi chake kina mpira uliopasuka,
kinadondosha humo ujiani, tone, tone, tone,
tangu Aprili, usiku na mchana.
Nilishamwandikia barua.
Ilikuwa na heshima, ilikuwa na sumu.
Imo kwenye droo mpaka leo.

Maana Agosti, siku ambayo hata kivuli kilitoka jasho,
nilikwenda kuchukua ndoo
nikaona ukutani, palipolowa,
kitu cha kijani, kidogo kuliko punje ya dengu,
chenye umbo la moyo
uliochorwa na mtoto wa chekechea.
Nikadhani ukungu. Nikakiacha kwa uvivu.
Oktoba kikatoa unywele mweusi.

Hakuna aliyelipanda.
Vumbi nililolifuta halikuisha lote.
Lililala mwaka mzima ndani ya udongo niliouzika
likingoja maji yasiyo chumvi,
chokaa ya ukuta, giza lenye adabu,
na mimi niondoe mikono.

Hamdun akashuka kuomba radhi.
Fundi anakuja Alhamisi, dada.
Nikamwambia, kwa Kiarabu changu chenye lafudhi ya Pemba,
mwache fundi apumzike.
Alinitazama kama niliyepandwa na homa.

Kazi yangu sasa ni ndogo.
Nimevunja mawe meupe ya wadi, nikayapanga chini ya tone.
Yaliyokauka nayakata kwa mkasi wa kucha.
Maji ya dekio hayapiti hapa, hata kwa Azzan.
Januari viyoyozi vikizimwa,
nakwangua barafu ya friza, naiacha iyeyuke,
naimimina kwa kijiko.
Ndiyo, kijiko kile.

Misfa sijarudi.
Wifi akiuliza nasema goti.
Pale kwenye ukuta wa falaji pana tundu langu,
au pengine limeshaziba, sijui,
sijathubutu kuuliza.
Asubuhi hii majani kumi na moja,
la kumi na mbili bado limekunja ngumi.